Pua, Ubongo na Hisia: Panya Wanatufundisha Nini?

Katika kipindi kimoja cha sarufi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliuliza: "Mwalimu, kwa nini Waswahili husema nasikia harufu? Sikio lina kazi gani hapo?" Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa la maana, na halikustahili kuachwa lipite.

Jibu la haraka ni kwamba kitenzi kusikia si mali ya sikio peke yake. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia njaa, baridi, uchungu na furaha. Kirundi nacho hufanya vivyo hivyo kwa kitenzi kwumva. Katika Kifaransa, kitenzi sentir hubeba kunusa, kutoa harufu na kuhisi, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo lugha tatu ambazo wengi wetu hapa Bujumbura tunazitumia kila siku zimepika harufu na hisia katika chungu kimoja.

Je, ni bahati tu ya lugha, au kuna jambo ndani ya mwili linalozikaribisha harufu na hisia? Swali hilo haliwezi kujibiwa na sarufi. Waliolishughulikia ni wataalamu wa ubongo, na mwalimu wao mkubwa amekuwa mnyama mdogo tunayemfukuza jikoni kila usiku, yaani panya. Makala haya yana lengo la kueleza, kwa Kiswahili cha kawaida, mambo yaliyogunduliwa katika ubongo wa panya, na kisha kuona yanatusaidia nini sisi walimu na wanafunzi wa lugha.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu neno moja. Neno hisia lina maana zaidi ya moja. Wengine hulitumia kwa kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Hapa mambo hayo matano tutayaita milango ya fahamu. Neno hisia tutalitumia kwa yale yanayotikisa nafsi, kama vile hofu, furaha, chuki na hamu.

Safari ya harufu kutoka puani

Harufu si kitu cha kufikirika. Ndagala wanapoanikwa juani kando ya Ziwa Tanganyika, chembe ndogo mno zisizoonekana, yaani molekuli, hutoka katika samaki hao na kupeperushwa na hewa. Mpita njia anapovuta pumzi, molekuli hizo huingia puani na kufika kwenye utando wenye unyevu ulio juu ndani ya pua. Katika utando huo zimo seli za neva, na kila seli ina vipokezi. Kipokezi ni protini inayopokea molekuli za aina fulani, mfano wa kufuli linalokubali funguo chache na kuzikataa nyingine.

Mwaka 1991, watafiti wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kuwa wamegundua jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo. Walizipata kwa panya wakubwa wa maabara, na walionyesha kuwa jeni hizo ni familia kubwa sana. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Leo tunajua kwamba panya mdogo wa nyumbani ana aina zipatazo 1000 za vipokezi vya harufu, na binadamu ana aina karibu 400. Hata hivyo binadamu anaweza kutambua harufu nyingi kuliko idadi hiyo, kwa sababu harufu moja hugusa vipokezi kadhaa kwa pamoja. Ni kama herufi za alfabeti: ni chache, lakini maneno yanayoundwa nazo hayana mwisho.

Kila seli ya neva ya kunusia huchagua aina moja tu ya kipokezi. Seli zote zenye kipokezi cha aina moja, ingawa zimetawanyika ndani ya pua, hupeleka nyuzi zao mahali pamoja katika sehemu ya mbele ya ubongo. Sehemu hiyo ina umbo la kitunguu kidogo, nasi tutaiita tunguu la kunusia. Ndani yake mna vifundo vidogo vidogo, karibu 2000 kwa kila upande wa ubongo wa panya, na kila kifundo hupokea habari za kipokezi kimoja. Hivyo harufu ikishaingia, hugeuka kuwa mchoro wa vifundo vilivyowaka na visivyowaka.

Njia fupi

Hapa ndipo kunusa kunapoachana na milango mingine ya fahamu. Habari za macho, masikio, ulimi na ngozi haziendi moja kwa moja kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka la juu linalochambua mambo. Kwanza hupita katika kituo kilicho katikati ya ubongo kinachoitwa thalamasi. Tunaweza kukifananisha na ofisi ya mapokezi, ambako kila mgeni husimamishwa kabla ya kuonyeshwa mlango wa kuingia.

Harufu haisimami hapo. Kutoka katika tunguu la kunusia, nyuzi za neva huenda moja kwa moja hadi kwenye sehemu za gamba la ubongo zinazoshughulikia kunusa, na nyingine huingia moja kwa moja katika amigdala. Thalamasi huhusishwa baadaye, lakini si mlango wa lazima wa kuingilia.

Amigdala ni nini? Jina hili limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni lozi, kwa sababu sehemu hiyo ya ubongo ina umbo la tunda hilo. Ni mojawapo ya sehemu zinazohusika sana na hisia, hasa hofu, na pia kutambua kama jambo ni jema au baya kwa mnyama. Ukihesabu hatua, utaona kuwa kutoka seli ya puani hadi tunguu ni hatua moja, na kutoka tunguu hadi amigdala ni hatua ya pili. Hakuna mlango mwingine wa fahamu ulio karibu hivyo na makazi ya hisia.

Njia mbili za maana

Kuwa karibu ni jambo moja, na kujua harufu ipi ilete hofu na ipi ilete hamu ni jambo lingine. Panya ametufundisha kwamba ziko njia mbili, na kila moja ina kazi yake.

Njia ya kwanza ni ya kuzaliwa. Chukua panya wa maabara ambaye yeye, wazazi wake na vizazi vingi vya nyuma yake hawajawahi kumwona mbweha. Mwekee karibu tone la kemikali iliyomo katika kinyesi cha mbweha. Panya huyo atakimbilia pembeni au ataganda kama jiwe. Hakuna aliyemfundisha. Mwaka 2007, watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyotengeneza panya waliokosa seli za kunusia za eneo la juu la pua. Panya hao waliendelea kuitambua harufu ya mbweha, na waliweza hata kufundishwa kuiogopa, lakini ile hofu ya kuzaliwa nayo ilikuwa imetoweka. Tunajifunza kuwa kuitambua harufu na kuiogopa ni mambo mawili tofauti, hata kama kwa kawaida huja pamoja.

Mwaka 2014, kundi la watafiti akiwemo Richard Axel lilionyesha mahali njia hiyo inapopita. Walitumia mbinu ya mwanga: seli za neva hupewa jeni ya protini inayoitikia mwanga, kisha mwanga hupelekwa ndani ya ubongo kwa uzi mwembamba, na seli hizo huzimwa au huwashwa kama taa. Walipoizima njia inayotoka katika tunguu kwenda katika amigdala ya gamba, yaani ile sehemu ya amigdala inayopokea harufu, panya hawakuikimbia tena harufu ya mbweha, wala hawakuvutwa na harufu inayofanana na ya waridi ambayo kwa kawaida huipenda. Kisha wakafanya kinyume chake. Waliziwasha kwa mwanga seli ambazo awali ziliitikia harufu ya mbweha, na panya wakaogopa ingawa hapakuwa na harufu yoyote hewani.

Njia ya pili ni ya kujifunza. Hii hupita katika sehemu ya gamba la ubongo yenye umbo la pea, tunda lile. Katika amigdala ya gamba, nyuzi kutoka kila kifundo hufika katika maeneo yanayofanana kwa kila panya. Katika gamba la pea hakuna utaratibu huo, kwani nyuzi zimetawanyika kila mahali. Kwa hiyo mtafiti hawezi kuangalia seli zilizowaka hapo akasema, "Hii ni harufu ya hatari." Maana haijaandikwa bado.

Mwaka 2011, kundi jingine ambalo Axel pia alishiriki lilichagua seli za gamba la pea bila mpangilio wowote na kuziwasha kwa mwanga, huku panya akipewa mshtuko mdogo wa umeme. Baada ya mafunzo, mwanga peke yake ulitosha kumkimbiza panya. Panya wengine walipewa zawadi badala ya mshtuko, nao wakajifunza kuifuata ishara hiyo. Tena, seli zilezile zilizofundishwa kuleta jambo moja ziliweza kufundishwa upya zilete jambo la kinyume. Njia hii basi ni kama ubao mweusi, ambapo maana huandikwa na maisha ya mnyama mwenyewe.

Wanafunzi wa isimu bila shaka wameshatambua mfanano. Katika lugha, uhusiano wa neno na maana yake kwa sehemu kubwa ni wa makubaliano, si wa kimaumbile. Hakuna kitu katika sauti za neno imbeba au neno panya kinachomlazimu msikilizaji kumfikiria mnyama huyo. Ni jamii iliyomfundisha. Vivyo hivyo, harufu nyingi hazina maana mpaka maisha yazipatie maana.

Mfano wa Morogoro

Hatuna haja ya kwenda mbali kuona faida ya njia hii ya kujifunza. Mjini Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa vilipuzi. Wazo lilikuwa la Mbelgiji Bart Weetjens. Panya buku si ndugu wa karibu wa panya wa nyumbani. Ni mkubwa zaidi, uzito wake hufikia kilo moja na zaidi, na ana vifuko mashavuni vya kubebea chakula. Hata hivyo, ramani kuu ya kunusa, kutoka pua hadi tunguu na kutoka tunguu hadi gamba na amigdala, ni ya wanyama wanyonyeshao kwa jumla.

Baruti iliyomo ndani ya bomu la kutegwa ardhini haina maana yoyote kwa panya buku. Hakuna babu yake aliyewahi kuliwa na bomu. Kwa hiyo mwalimu wake huanza na sauti. Kidude kidogo hulia "klik", na panya hupewa chakula, kwa mfano ndizi. Panya akishajua kuwa sauti hiyo ni habari njema, hufundishwa kuwa hatapata "klik" mpaka aonyeshe mahali penye harufu ya kilipuzi. Mafunzo huchukua takribani miezi tisa. Mwisho wake, harufu isiyokuwa na maana imekuwa harufu ya kutafutwa kwa hamu. Kwa kuwa panya ni mwepesi, hutembea juu ya bomu bila kulilipua.

Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa haina tena mabomu hayo mwaka 2015, na baadaye Kambodia. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alifariki Januari 2022, akiwa amegundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 katika maisha yake ya kazi. Sisi Warundi, tuliopitia vita vilivyoanza mwaka 1993 na tunaojua maana ya kuogopa njia ya kwenda shambani, hatuhitaji kuelezwa thamani ya mguu mmoja uliookolewa.

Kuanzia mwaka 2007, panya wengine walianza kunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja aliyefunzwa anaweza kupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi. Sampuli anazozionyesha hupimwa tena maabara kabla ya mgonjwa kuambiwa lolote, na kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa ambao vipimo vya kwanza viliwakosa.

Jambo moja la Morogoro liwaguse walimu wote. Watoto wa panya buku, mara baada ya kufumbua macho, huzoezwa kwanza kushikwa na watu, kusikia kelele na kuona mambo mapya bila kuogopa. Somo la harufu huja baadaye. Hofu ikitangulia, ubao umeshaandikwa.

Na binadamu je?

Hapana budi tuwe waangalifu. Majaribio ya kuwasha na kuzima seli kwa mwanga yamefanywa kwa panya. Maisha ya mtu yana lugha, desturi na kumbukumbu ambazo panya hana. Lakini njia kuu ni ileile: harufu ya binadamu nayo hufika katika gamba la pea na katika amigdala bila kwanza kusimamishwa katika thalamasi, na karibu na hapo ipo hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu za matukio.

Ndiyo maana si ajabu mtu aliyekulia Rumonge akisikia harufu ya mawese yanayopikwa, akajikuta uani kwa bibi yake kabla hata hajajua ni nini kilichomrudisha huko. Si ajabu vilevile mtu aliyekuwapo Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua, akisikia harufu ya vitambaa vinavyoungua, moyo ukaanza kumwenda mbio. Hofu humfikia kwanza, na maelezo hufuata. Kumwambia mtu huyo "acha woga" ni kumhukumu kwa jambo ambalo hakulichagua. Panya wanatuonyesha pia upande wa matumaini: kilichofunzwa kinaweza kufunzwa upya. Kumbukumbu ya zamani si lazima ifutike, lakini maana mpya inaweza kuandikwa kando yake, polepole, mahali pa usalama.

Turudi kwenye lugha

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu vizuri zaidi. Kusema nasikia harufu si kosa la sikio. Kusikia hapa ni kupatwa na jambo linalotoka nje na kugusa ndani, kama vile mtu anavyosikia uchungu. Hatudai kwamba wahenga waliijua amigdala. Lugha si ushahidi wa maabara. Tunachosema ni kwamba wasemaji waliangalia maisha yao kwa makini, wakaona kuwa harufu na hisia huja zimeshikana mikono.

Tazama pia vitenzi vyetu vya harufu. Kunusa ni kitendo cha pua inayotafuta. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Kunukia ni kutoa harufu nzuri. Vitenzi hivi vinaonekana kuwa vya shina moja, lakini kiambishi kimoja tu kinageuza chuki kuwa hamu. Msemaji wa Kiswahili akichagua kitenzi, ameshatoa hukumu. Mwanafunzi anayeandika "chai inanuka vizuri" amefikiri kwa kitenzi sentir, ambacho husubiri neno la pili ndipo kitoe hukumu. Mwambieni aandike "chai inanukia". Kirundi kingemsaidia hapa, kwa kuwa nacho hutumia kunuka kwa harufu mbaya. Ajabu ni kwamba neno manukato, la shina hilohilo, limebaki upande wa uzuri. Na tukitaka kukaa katikati bila kuhukumu, tunalo neno harufu, lakini hata hilo mara nyingi husubiri kuambiwa ni nzuri au mbaya.

Mwisho, kuna suala la istilahi. Bado tunasikia ikisemwa katika mji wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na ya mitaa kama Buyenzi, na kwamba sayansi ina lugha zake. Makala haya yameandikwa kuhusu neva, jeni na gamba la ubongo, na msomaji aliyefika hapa ameyaelewa. Maneno mengine tumeyatohoa, kama amigdala na thalamasi. Mengine tumeyachukua katika hazina yetu, kama tunguu, kifundo na kipokezi. Sayansi yenyewe ilifanya hivyohivyo: Wagiriki walisema lozi, wataalamu wakalichukua. Kinachotakiwa ni walimu wasiochoka kujaribu.

Kwa matumizi ya darasani tunapendekeza mazoezi matatu:

1. Wanafunzi wakusanye maneno ya harufu, kama vile uvundo, shombo, vumba, kikwapa na manukato, kisha wayapange: yapi hubeba hukumu, na yapi hayabebi?

2. Kila mwanafunzi aandike aya moja kuhusu harufu inayomkumbusha mahali fulani, akitumia angalau mara mbili kitenzi kusikia kwa maana isiyo ya sikio. Asilazimishwe kusoma aya yake mbele ya wenzake.

3. Wanafunzi wajadili istilahi: je, kati ya amigdala na lozi la ubongo, lipi lingefaa zaidi katika kitabu cha shule ya sekondari, na kwa sababu gani?

Na yule mwanafunzi aliyeuliza swali, aendelee kuuliza.